Kibarua Kikiota Nyasi, Bima Hupimwa kwa Mshahara wa Jana

Tarehe 31 Desemba 2025 ruzuku za ziada za bima ya afya, ambazo Marekani ilizianzisha mwaka 2021 katika janga la korona na kuzirefusha kwa sheria ya mwaka 2022, zilifikia ukomo wake. Mvutano juu ya ruzuku hizo ulichangia kwa kiasi kikubwa kufungwa kwa shughuli za serikali ya shirikisho kwa siku 43, tangu 1 Oktoba hadi 12 Novemba, na muda wote huo mjadala uliendeshwa kana kwamba suala linawahusu watu wa aina mbili tu, yaani waliojiajiri na wenye kipato kidogo. Mfanyakazi mwenye mshahara na kadi ya bima aliyopewa na mwajiri wake alizisikiliza habari hizo kama msiba wa mtaa wa pili. Naona hapo ndipo tulipokosea. Anayepaswa kuyaelewa mabadiliko haya mapema ni yule ambaye leo bado ana kazi, kwa sababu siku atakapopunguzwa kazini, swali lililozoeleka la "COBRA au Soko, ipi nafuu kwa mwezi?", yaani kubaki katika bima ya mwajiri kwa kuilipia mwenyewe au kununua bima binafsi yenye ruzuku, halitamfikisha popote asipojua kwanza jumla ya mapato yake ya mwaka mzima itakuwa kiasi gani, na kila malipo atakayopokea yataingia lini.

Ili hoja hiyo ieleweke, ni lazima turudi nyuma kidogo. Bima ya afya nchini Marekani ilifungamana na kazi kwa sababu za historia zaidi kuliko za tiba. Mwaka 1942, katika Vita vya Pili vya Dunia, serikali ilidhibiti upandaji wa mishahara lakini ikaziacha nje ya udhibiti huo stahiki kama bima. Waajiri waliokuwa wakigombania wafanyakazi wakaanza kutoa bima badala ya nyongeza ya mshahara, na sheria ya kodi ya mwaka 1954 ikathibitisha kwamba mchango wa mwajiri katika bima hautozwi kodi kama kipato cha mfanyakazi. Leo watu zaidi ya milioni 150 wanatibiwa kwa bima za namna hiyo. Matokeo yake ni kwamba anayepoteza kazi hupoteza pia njia ya kumfikia daktari, na mara nyingi hupoteza vyote viwili ndani ya mwezi mmoja. Bunge lilijaribu kuliziba pengo hilo kwa sheria iliyotiwa saini Aprili 1986, inayojulikana kwa kifupi chake cha COBRA, ambayo inampa aliyeachishwa kazi katika kampuni yenye wafanyakazi 20 au zaidi haki ya kubaki katika bima ileile kwa kawaida hadi miezi 18, mradi ailipie mwenyewe.

Maneno hayo "ailipie mwenyewe" ndiyo yanayowashtua watu. Kwa mujibu wa uchunguzi wa kila mwaka wa KFF, taasisi ya utafiti wa sera za afya, wastani wa gharama ya bima ya familia kupitia mwajiri mwaka 2025 ulikuwa dola 26,993, na katika hizo mfanyakazi alikatwa wastani wa dola 6,850 tu. Kwa maneno mengine, aliyezoea kukatwa takriban dola 570 kwa mwezi anaambiwa alipe karibu dola 2,300, kwa kuwa COBRA inaruhusu kumtoza asilimia 102 ya gharama yote: sehemu yake, sehemu ya mwajiri, na asilimia 2 ya uendeshaji. Bei haikupanda. Kilichotokea ni kwamba kwa mara ya kwanza anaiona nzima, tena katika mwezi ambao mshahara umekoma.

Njia nyingine mbili zilikuja au zilipanuliwa na sheria ya mwaka 2010. Ya kwanza ni Soko la bima, ambako mtu hununua bima binafsi bila kunyimwa kwa sababu ya ugonjwa alio nao, na ambako ruzuku hutolewa kulingana na kipato. Ya pili ni Medicaid, bima ya umma kwa wenye kipato cha chini. Watu wengi hudhani njia hizi mbili hutumia kipimo kimoja, na hapa ndipo aliyepunguzwa kazini anapoumia bila kujua. Medicaid hutazama kipato cha mwezi uliopo: katika majimbo yaliyoipanua, mtu mzima asiye na wategemezi hustahili akiwa na kipato kisichozidi asilimia 138 ya mstari wa umaskini, yaani takriban dola 1,800 kwa mwezi, na malipo ya mkupuo huhesabiwa katika mwezi yaliyopokelewa tu. Soko, kwa upande wake, hutazama mwaka mzima, kuanzia Januari hadi Desemba, na hujumlisha kila kitu: mishahara ya miezi uliyofanya kazi, malipo ya kuachishwa kazi, likizo ambayo hukuichukua ikalipwa kwa fedha, mafao ya serikali ya kukosa ajira, hata mshahara wa kazi mpya utakayoipata mwezi Oktoba. Mtu huyohuyo, siku hiyohiyo, anaweza kuwa fukara mbele ya dirisha moja na tajiri mbele ya dirisha la pili.

Kati ya mwaka 2021 na 2025 tofauti hiyo haikuuma sana, kwa kuwa ruzuku za ziada ziliondoa kikomo cha juu cha kipato na kumhakikishia kila mnunuzi kwamba bima ya kigezo, yaani ile ya daraja la fedha (silver) yenye bei ya pili kutoka chini, haitamgharimu zaidi ya asilimia 8.5 ya mapato yake. Mwaka 2026 kikomo cha asilimia 400 ya mstari wa umaskini kimerudi. Isipokuwa katika majimbo ya Alaska na Hawaii, yenye viwango vyao, mtu mmoja anayenunua bima ya mwaka 2026 hukoma kustahili ruzuku akivuka dola 62,600 kwa mwaka, na familia ya watu wanne ikivuka dola 128,600. Hakuna kupungua kidogokidogo, ni genge la mlima: ukilivuka unaporomoka mara moja. Tuchukue mtu mwenye miaka 60 ambaye bima hiyo ya kigezo katika eneo lake inauzwa, tuseme, dola 1,100 kwa mwezi, sawa na dola 13,200 kwa mwaka. Akipata dola 62,000, anatarajiwa kuchangia asilimia 9.96 ya kipato chake, yaani takriban dola 6,175, na ruzuku inalipa zaidi ya dola 7,000 zilizobaki. Akipata dola 63,000, analipa zote 13,200. Dola 1,000 za ziada zimemgharimu dola 7,000. Sasa tujiulize ni nani anayeweza kupokea dola 1,000 asizozitarajia, katika mwezi asioupanga, kwa uamuzi wa mtu mwingine. Ni huyu aliyepewa barua ya kupunguzwa kazini pamoja na hundi.

Jambo la pili limepita kimyakimya zaidi. Ruzuku ya Soko kwa kawaida hutolewa mapema kila mwezi kwa makadirio, kisha husawazishwa wakati wa kufunga hesabu za kodi. Zamani, mtu aliyekadiria chini alirudisha kiasi chenye kikomo ikiwa kipato chake kilibaki chini ya asilimia 400. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imeondoa kikomo hicho kuanzia mwaka wa kodi wa 2026, hivyo kila senti iliyozidi hurudishwa. Aliyepoteza kazi Machi, akakadiria kwa unyoofu kwamba mwaka utaisha na dola 45,000, kisha Mungu akamjalia kazi nzuri Agosti na jumla ikafika dola 64,000, atadaiwa ruzuku yote aliyopewa. Kupata kazi, jambo ambalo kila mtu alimwombea, kumegeuka deni.

Kuna wanaosema kwamba COBRA ni unyang'anyi na haifai kuguswa. Hoja hii ina uzito, maana kumdai dola 2,300 mtu asiye na mshahara ni kumdai maji jangwani. Lakini inasahau mambo mawili. La kwanza ni kile kiasi ambacho mgonjwa hujilipia mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa. Aliyefanyiwa upasuaji Februari na kupunguzwa kazi Septemba tayari amekwisha kulipa kiasi hicho, na pengine amefikia ukomo wa malipo yake yote ya mwaka. Akihamia bima mpya Oktoba, hesabu inaanza upya kutoka sifuri, na baada ya miezi mitatu, Januari, inaanza tena. Kwa mtu kama huyo, kulipa COBRA kwa miezi mitatu kunaweza kuwa nafuu kuliko bima yenye bei nusu yake. La pili ni madaktari. Bima ya Sokoni mara nyingi ina mtandao mwembamba wa hospitali, na mwenye mimba ya miezi saba au anayeendelea na tiba ya saratani hawezi kuchukulia kubadilisha daktari kama jambo la makaratasi. Naongeza na la tatu, ambalo ni jipya: kwa yule ambaye kipato chake kimekwisha kuvuka genge, bei kamili ya Sokoni sasa inaweza kukaribia ya COBRA, au hata kuipita kwa mtu wa umri mkubwa, kwa kuwa Sokoni mtu wa miaka 64 anaweza kutozwa hadi mara tatu ya kijana wa miaka 21, ilhali bima ya mwajiri kwa kawaida humtoza kila mfanyakazi kiwango kimoja. Ushauri wa zamani kwamba Soko daima ni nafuu umepoteza msingi wake kwa watu hawa.

Wengine wanashauri ujanja: usilipe chochote, subiri. Sheria inampa mtu siku 60 za kuichagua COBRA, kisha siku 45 nyingine za kulipa malipo ya kwanza, na bima ikishachaguliwa inarudi nyuma hadi siku ile ya zamani ilipokatika. Kwa hiyo, wanasema, una bima ya bure kwa miezi miwili. Ukiugua unaichagua, usipougua unaiacha. Hoja hii si ya kijinga, na kwa mtu mwenye afya anayeanza kazi mpya baada ya wiki tano inaweza kufaa kabisa. Lakini anayeichagua baadaye hulipa miezi yote ya nyuma kwa pamoja, na kabla hajalipa, hospitali itamwona kama mtu asiye na bima na huenda ikamtaka alipe papo hapo. Tena, haki ya COBRA hutegemea kuwepo kwa bima yenyewe. Mwajiri akifilisika na kuifuta bima ya wafanyakazi wote, hakuna cha kukirudia.

Ubaya wake mkubwa, hata hivyo, uko katika saa. Kuna saa tatu za kuhesabu muda zinazokwenda kwa pamoja, na hazikuanza siku moja. Nililiona hili kwa karibu nilipokaa mezani na shemeji yangu, mke wa kaka yangu, kampuni yake ilipopunguza wafanyakazi. Bahasha ya COBRA ilifika wiki ya sita baada ya bima yake kukatika, na hakuna sheria iliyovunjwa, kwa kuwa mwajiri ana hadi siku 30 za kutoa taarifa na msimamizi wa bima ana siku 14 nyingine za kuituma. Alikuwa ameweka daftari dogo la tarehe, ameandika kwa wino mwekundu "siku 60" akizihesabu tangu alipofungua bahasha. Kwa COBRA alikuwa karibu sahihi, kwa kuwa huhesabiwa tangu taarifa ilipotolewa. Kwa Soko, siku 60 zilikuwa zimeanza kuhesabiwa tangu bima ilipokatika, na zilibaki 18. Na kwa bima ya kazini kwa kaka yangu, ambayo ingempokea kwa bei ndogo kuliko zote, dirisha lilikuwa siku 30, nalo lilikuwa limefungwa. Mbaya zaidi, anayepewa nafasi ya kujiunga na bima ya mwenzi wake akaiacha ipite huweza kunyimwa hata ruzuku ya Soko, ikiwa bima ile ilihesabiwa kuwa nafuu. Alilipa COBRA hadi bima ya mume wake ilipofungua tena usajili wa mwaka. Kila karatasi iliyokuwa juu ya meza ile ilisema ukweli, lakini hakukuwa na hata moja iliyozitaja saa zote tatu.

Ujanja wa kusubiri una madhara mengine kwa anayeichagua COBRA kisha akachoka nayo katikati ya mwaka. Siku zake 60 za Soko zikishapita, kuacha COBRA kwa hiari hakumfungulii dirisha jipya. Atasubiri usajili wa jumla unaoanza 1 Novemba, na bima itaanza Januari. Yule ambaye mwajiri anamlipia COBRA kwa miezi michache kisha anaacha ana nafuu, kwa kuwa kukoma kwa mchango wa mwajiri humpa nafasi mpya ya kuingia Sokoni.

Hoja ya kukaa bila bima kabisa sitakawia nayo. Ni kweli kwamba adhabu ya shirikisho imekuwa sifuri tangu 2019, ingawa California, New Jersey, Massachusetts, Rhode Island na mji mkuu Washington wana adhabu zao. Lakini kijana anayesema ana afya njema haongelei ajali ya barabarani. Na zile bima za muda mfupi zinazotangazwa kwa bei ya kuvutia zinaruhusiwa kumkataa mtu kwa ugonjwa aliokuwa nao kabla, au kukataa kulipia ugonjwa huohuo baadaye. Anayeinunua ajue anachonunua.

Inayostahili jibu refu zaidi ni hoja ya wale waliotaka ruzuku za ziada ziishe. Wanasema ziligharimu sana, na Ofisi ya Bajeti ya Bunge ilikadiria kuwa kuzifanya za kudumu kungeongeza nakisi kwa takriban dola bilioni 350 katika miaka 10. Wanasema pia kwamba zilianzishwa kwa ajili ya janga, na janga limepita. Hizo ni hoja za haki, na mtu mwenye busara anaweza kuzikubali. Hoja yao dhaifu ni ile wanayoirudia zaidi: kwamba anayezidi asilimia 400 ya mstari wa umaskini si maskini, na kwa hiyo hahitaji msaada wa mlipakodi. Kwa mwenye mshahara usiotetereka maneno hayo yana mantiki. Kwa aliyepunguzwa kazini mwezi Agosti akiwa amekwisha kupokea dola 63,000, maneno hayo yanampima kwa fedha zilizokwisha kulipa pango, karo na mkopo wa gari kabla ya Agosti. Kuanzia Septemba anaishi kwa akiba na mafao, lakini daftari la kodi linamtambua kwa mshahara wa jana. Na mlipakodi hamfanyii hisani ya pekee: miaka yote aliyokuwa kazini, mchango wa mwajiri wake ulisamehewa kodi, msaada mkubwa wa umma usiouliza kipato na usio na genge. Msaada huo ulikoma siku kazi ilipokoma, yaani siku alipoanza kuuhitaji.

Upande wa chini nako kuna shimo. Majimbo 10, yakiwamo Texas na Florida, hayajaipanua Medicaid kikamilifu, na Sokoni ruzuku huanza kwenye asilimia 100 ya mstari wa umaskini, ambayo kwa mtu mmoja ni dola 15,650. Aliyepoteza kazi Januari huko Texas, akaishia na mapato ya dola 12,000 kwa mwaka, ni fukara kupita kiasi cha kusaidiwa. Kwa wahamiaji hali inazidi kubana: tangu mwanzo wa 2026 wale wanaoishi kihalali lakini wako chini ya kiwango hicho, wanaozuiwa kuingia Medicaid kwa sababu hawajatimiza muda, wamepoteza ruzuku ya Soko, na mwaka 2027 wakimbizi na wengi wa wenye viza za kazi watafuata. Kwa jamii za Waswahili zilizoingia Marekani kwa njia ya ukimbizi, hili litagonga mlango wa nyumba nyingi.

Kwamba kuna namna nyingine ya kupima, Bunge lenyewe limekwisha kuonyesha. Mwaka 2021 liliamua kwamba yeyote aliyepokea mafao ya kukosa ajira hata kwa wiki moja mwaka huo atachukuliwa, kwa hesabu ya ruzuku, kana kwamba kipato chake hakizidi asilimia 133 ya mstari wa umaskini. Na kuanzia Aprili hadi Septemba mwaka huohuo serikali ililipia COBRA yote ya waliopunguzwa kazini. Hatua hizo ziliisha, lakini zilithibitisha kwamba daftari la kodi linaweza kuagizwa kumtazama mtu alipo na si alipokuwa. Kurudisha kipengele cha kwanza peke yake huenda kungegharimu sehemu ndogo ya zile bilioni 350, kwa sababu kingewagusa tu waliopoteza kazi mwaka huo.

Hadi Bunge litakapofanya hivyo, uamuzi unabaki mikononi mwa mtu mmoja mmoja, na sehemu yake kubwa hufanyika kabla hajafungua tovuti yoyote ya bima. Aliyekaribia genge anaweza kuweka fedha katika akaunti ya kustaafu ya aina inayopunguza kipato kinachotozwa kodi, na ana hadi Aprili ya mwaka unaofuata kufanya hivyo. Mwenye bima ya Sokoni ya daraja la shaba anaweza pia, tangu mwaka 2026, kuweka fedha katika akaunti ya akiba ya afya kwa faida ileile. Na anayepunguzwa kazi katika miezi ya mwisho ya mwaka anaweza kumwomba mwajiri sehemu ya malipo ya kuachishwa iingie Januari. Mwajiri anaweza kukataa, lakini ombi lenyewe lina nafasi yake tu kabla ya saini. Kwa waliotimiza miaka 40 wanaopunguzwa kwa kundi, mkataba unaowataka waachie haki yao ya kudai ubaguzi wa umri ni lazima uwape siku zisizopungua 45 za kuutafakari, na siku 7 za kujitoa baada ya kusaini. Wengi husaini mchana uleule, katika chumba kilekile walichopewa habari, wakiwa wametazama kiasi cha hundi bila kuuliza italipwa tarehe ngapi.